Milima Isiyokuwapo: Sanaa, Sayansi na Ushahidi wa Ncha za Dunia

Kiswahili kina maneno mawili ya maji yaliyoganda. Neno theluji limetoka Kiarabu, na neno barafu limetoka Kiajemi. Yote mawili yalifika pwani yetu pamoja na biashara ya bahari, zamani kabla ya majokofu, na kwa muda mrefu watu wa Kilwa, Lamu na Unguja walikuwa na jina la kitu ambacho wengi wao hawakupata kukigusa. Walikijua kwa kusimuliwa.

Hali hiyo si ya Waswahili peke yao. Karibu wanadamu wote wanazijua ncha za dunia kwa kusimuliwa na kuchorewa. Msomaji wangu wa Dodoma, kama msomaji wa London au Cairo, hajaikanyaga Antaktiki na huenda hataikanyaga. Hata hivyo ana picha yake akilini: weupe usio na mwisho, siwa barafu zinazoelea baharini kama majumba, pengwini, dubu weupe, mtu mmoja mwenye ndevu zilizoganda. Picha hiyo imetengenezwa na watu, kwa nyakati zinazojulikana na kwa sababu zinazojulikana. Mimi hufundisha historia, na naona kuwa swali la nani aliichora, nani aliaminiwa na nani aliitwa mwongo ni swali la kisiasa kuliko linavyoonekana. Linatuhusu zaidi leo, kwa kuwa barafu ya Grinlandi pekee, ikiyeyuka yote, inatosha kuinua kina cha bahari duniani kwa takriban meta 7, na pwani yetu haina kinga ya kuzuia kiasi hicho wala sehemu ndogo ya kiasi hicho.

Katika makala haya nitapita katika matukio machache ya karne mbili na nusu zilizopita, ambamo msanii na mwanasayansi walisafiri pamoja kuelekea barafuni. Nia yangu ni kuonyesha kwamba sanaa haikuwa pambo la sayansi hiyo. Ilikuwa sehemu ya ushahidi wenyewe, na kwa sababu hiyo iliweza kuwa ya kweli au ya uongo.

Mchoraji ndani ya meli

Tarehe 17 Januari 1773 meli ya Resolution, chini ya nahodha James Cook, ilivuka duara la Antaktiki. Kwa kadiri kumbukumbu zilizoandikwa zinavyotujulisha, hakuna chombo kilichowahi kufanya hivyo kabla yake. Ndani ya meli hiyo alikuwamo mchoraji William Hodges, aliyeajiriwa na Jeshi la Majini la Uingereza kwa kazi maalumu: kuweka katika karatasi yale ambayo maneno yasingeweza kuyaeleza vya kutosha.

Hodges alizichora siwa barafu kwa wino na rangi ya majimaji. Mojawapo ya michoro ya safari ile, iliyochapwa katika kitabu cha Cook cha mwaka 1777, inaonyesha siku ya 9 Januari 1773, mabaharia wakiwa katika mashua wakiokota vipande vya barafu baharini. Mtazamaji wa leo anaweza kuuona kama mchoro wa mandhari tu. Kwa msomaji wa wakati ule ulikuwa jibu la swali la kitaalamu na la kiuchumi: je, meli inaweza kukaa miezi kadhaa katika bahari ya kusini bila kufika nchi kavu kuteka maji? Mabaharia waliyeyusha vile vipande wakapata maji matamu ya kunywa. Mchoro mmoja uliliweka jambo hilo mbele ya macho ya watu ambao wasingesoma kurasa mia tano za kitabu cha nahodha.

Safari ile ilizaa tunda jingine, la polepole zaidi. Mnajimu wa meli, William Wales, aliporudi Uingereza alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya Christ's Hospital. Miongoni mwa wanafunzi wa shule hiyo alikuwamo kijana Samuel Taylor Coleridge, ambaye mwaka 1798 alichapisha utenzi wake mashuhuri wa baharia mzee aliyenaswa katika barafu ya kusini. Mwanahistoria wa sanaa Bernard Smith alitoa hoja kwamba masimulizi ya mwalimu yule yalichangia taswira za utenzi ule. Wanafunzi wangu wanaotaka kuwa walimu hulipenda sana jambo hili, na mimi pia. Mnajimu aliyepima nyota barafuni huenda aliwafikia watu wengi zaidi kupitia mwanafunzi mmoja kuliko kupitia majedwali yake yote.

Kitabu kimoja, picha mbili

Mwaka 1818 serikali ya Uingereza ilimtuma nahodha John Ross kutafuta njia ya bahari ya kaskazini, kupita juu ya bara la Amerika hadi Pasifiki. Ross alirudi mwaka uleule na mwaka 1819 akachapisha kitabu chenye picha nyingi. Picha mbili za kitabu hicho zinanitosha kufundisha muhula mzima.

Ya kwanza ilichorwa na John Sakeouse, Mwinuit kutoka Grinlandi. Kijana huyu alifika Leith, Uskoti, mwaka 1816 kwa meli ya wawinda nyangumi. Mjini Edinburgh alifundishwa kuchora na Alexander Nasmyth, mmoja wa wachoraji wakubwa wa Uskoti, kisha akachukuliwa kuwa mkalimani wa Ross. Mwezi Agosti 1818, kaskazini-magharibi ya Grinlandi, msafara ulikutana na Wainuit wa huko ambao walikuwa hawajawahi kukutana na Wazungu wa aina ile. Sakeouse ndiye aliyetangulia kuzungumza nao, na ndiye aliyelichora tukio lenyewe: maofisa waliovaa sare na kofia zao rasmi juu ya barafu, wenyeji wakijitazama katika vioo, mbwa, sleji, meli kwa nyuma. Anayeitazama picha hiyo haoni washenzi wala mashujaa. Anaona pande mbili za watu wanaoshangaana, tena kwa jicho la mtu aliyezielewa lugha zote mbili. Sakeouse alifariki Edinburgh mapema mwaka 1819, akiwa bado kijana.

Picha ya pili inaonyesha mlango wa bahari wa Lancaster. Tarehe 31 Agosti 1818 Ross alisimama mbele ya mlango huo akaona safu ya milima imeufunga kwa ndani. Baadhi ya maofisa wake hawakuiona, na meli ya pili ya msafara ilikuwa nyuma sana. Ross hakusubiri wala hakusogea kuhakikisha. Aliamuru meli igeuke, akaichora milima ile katika ramani na katika picha, kisha akaipa jina la Croker, kwa heshima ya John Wilson Croker, katibu wa kwanza wa Wizara ya Jeshi la Majini, yaani mkubwa wake.

Milima hiyo haikuwapo. Mwaka 1819 William Edward Parry, aliyekuwa chini ya Ross katika safari ya kwanza, alipita na meli zake palepale iliposemekana kuwapo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Ross alidanganywa na mazigazi: tabaka za hewa baridi na hewa ya joto hupinda mwanga, na kitu kilicho mbali kikaonekana kimeinuliwa juu ya upeo wa macho. Mchoraji wa vikatuni George Cruikshank alimdhihaki Ross na msafara wake mwaka huohuo, na jina la nahodha likabaki na doa kwa miaka mingi.

Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma makala haya watulie kidogo hapa. Mtu mmoja anaona jambo kwa mbali, mchana mmoja. Wenzake wana shaka. Badala ya kusogea na kupima, anaandika taarifa, anaipamba kwa mchoro mzuri, na jambo lenyewe analipa jina la bosi. Ofisi zetu zina milima ya Croker mingi. Ipo katika taarifa za utekelezaji, katika ramani za miradi, na katika picha za rangi zinazotundikwa kwenye kuta za mapokezi. Tofauti ni kwamba huku kwetu Parry hatumwi upesi hivyo kwenda kuhakikisha.

Nani anaaminiwa

Mwaka 1845 Sir John Franklin aliondoka Uingereza na meli mbili, Erebus na Terror, kuitafuta njia ileile ya kaskazini. Watu 129 walipotea na hakurudi hata mmoja. Mwaka 1854 daktari na mpelelezi John Rae, aliyekuwa akipima pwani za kaskazini kwa miguu, alikutana na Wainuit waliomweleza kwamba Wazungu wengi walikuwa wamekufa kwa njaa upande wa magharibi, na kwamba mwishoni walikula maiti za wenzao. Wenyeji walimwuzia vijiko na uma za fedha zenye nembo za maofisa wa Franklin. Rae aliyaandika yote hayo katika taarifa yake kwa serikali.

London ilikasirika. Charles Dickens, mwandishi aliyesomwa kuliko wote, alitumia jarida lake mwezi Desemba 1854 kumpinga Rae na kuwashutumu Wainuit kuwa ni watu wasioaminika, akiashiria kwamba huenda wao ndio waliowaua wale mabaharia. Mwaka 1857 Dickens mwenyewe alipanda jukwaani katika tamthilia ya Wilkie Collins kuhusu msafara uliopotea barafuni, ambamo mshindi ni moyo wa kujitoa mhanga wa mwanamume Mwingereza. Mwaka 1864 mchoraji Edwin Landseer alionyesha mchoro wa dubu wawili weupe wakitafuna mabaki ya meli na mifupa ya binadamu. Mchoro huo uko hadi leo katika chuo cha Royal Holloway, ambako kuna desturi ya kuufunika kwa bendera wakati wa mitihani, maana wanafunzi huamini kwamba anayeketi mbele yake atafeli.

Hapa sanaa ilifanya kazi mbili zinazopingana. Landseer alithubutu kuuonyesha umma kwamba msafara ule uliishia katika mifupa. Lakini jukwaa la Dickens lilitumika kuufunika ushahidi wa wenyeji kwa hisia nzuri. Wainuit hawakuwa na jarida wala jukwaa London, na kwa hiyo waliitwa waongo kwa muda mrefu.

Ukweli ulichukua takriban miaka 150 kuwafikia. Katika miaka ya 1990 watafiti waliochunguza mifupa ya mabaharia hao walikuta alama za visu zinazolingana na simulizi la Wainuit. Mwaka 2014 meli ya Erebus ilipatikana chini ya bahari katika eneo ambalo masimulizi ya wenyeji yalikuwa yakilielekeza tangu zamani. Mwaka 2016 Terror nayo ilipatikana, baada ya Mwinuit Sammy Kogvik wa Gjoa Haven kuwaeleza watafiti kuhusu mlingoti aliouona ukichomoza kwenye barafu miaka kadhaa nyuma.

Isisahaulike kwamba watu hao walikuwa na sanaa yao ya kupima nchi. Mwaka 1885, katika pwani ya mashariki ya Grinlandi, mwindaji aliyeitwa Kunit alimpa ofisa wa Kidenmaki Gustav Holm ramani za pwani zilizochongwa katika mbao. Kila pembe ya ubao ni rasi, kila mkato ni ghuba, na visiwa vimechongwa katika ubao wa peke yake. Ramani hizo zimehifadhiwa hadi leo. Atakayeuliza kama hiyo ni sanaa au ni sayansi, jibu langu ni kwamba Kunit asingeelewa kwa nini tunalazimika kuchagua.

Daktari aliyechora kwa dakika

Mtu niliyevutiwa naye kuliko wote katika historia hii ni Edward Wilson, daktari, mtaalamu wa wanyama na mchoraji, aliyefuatana na Robert Falcon Scott kwenda Antaktiki mara mbili, mwaka 1901 na mwaka 1910. Katika safari ya pili alikuwa mkuu wa wanasayansi wote.

Rangi za maji huganda penye baridi ya namna ile, na kidole kisicho na glovu hufa ganzi mara moja. Wilson alibuni njia yake. Nje alichora kwa penseli kwa muda mfupi, akaandika pembeni majina ya rangi alizoziona angani na barafuni, akavaa tena glovu. Rangi zenyewe alizipaka baadaye, kibandani, kwa mwanga wa taa, akifuata yale maandishi. Kamera za wakati ule zilitoa karibu picha zote kwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo atakaye kujua rangi za duara za mwanga zilizolizunguka jua la Antaktiki mwanzoni mwa karne ya 20 hana budi kumtegemea Wilson. Alizichora duara hizo kwa uangalifu wa mpimaji, kwa kuwa kwake zilikuwa data.

Katikati ya baridi ya mwaka 1911, gizani, Wilson na wenzake wawili walisafiri wiki tano kwenda na kurudi rasi ya Crozier kutafuta mayai ya pengwini wakubwa wanaotaga katika majira hayo. Baridi ilifikia nyuzi 60 za selsiasi chini ya sifuri. Walirudi na mayai matatu. Januari 1912 alifika Ncha ya Kusini pamoja na Scott na wenzao watatu, wakakuta Wanorwe wa Roald Amundsen wamewatangulia. Wilson alitoa daftari lake akaichora bendera nyeusi waliyoiacha wapinzani wao. Hakuikwepa. Mchoraji aliyekwenda kushuhudia ushindi alishuhudia kushindwa, akakuweka katika karatasi.

Waliporudi, wakiwa dhaifu na wenye njaa, walisimama kuokota mawe kwenye miamba iliyo juu ya barafuto la Beardmore. Walikufa wote njiani. Novemba 1912 waliomtafuta walikuta ndani ya hema miili ya Scott, Wilson na Henry Bowers, na pamoja nayo daftari la michoro, na mawe yenye uzito wa takriban kilo 16 ambayo hawakukubali kuyatupa. Ndani ya mawe hayo mlikuwa na visukuku vya mmea uitwao Glossopteris. Mmea huohuo umeacha visukuku India, Australia, Amerika ya Kusini na kusini mwa Afrika, na umepatikana pia katika miamba ya makaa ya mawe ya bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania. Ni mojawapo ya ushahidi kwamba Antaktiki na Afrika zilikuwa bara moja. Basi lile tunaloliita bara la mbali lilikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

Mlinganishe Wilson na Frank Hurley, mpiga picha wa msafara wa Ernest Shackleton. Meli yao, Endurance, ilipobanwa na barafu mwaka 1915 na kuanza kuzama, Hurley aliingia katika maji ya barafu ndani ya meli kuziokoa negativu zake za vioo. Kwa sababu ya uzito, yeye na Shackleton walichagua takriban 120 na kuvunja zilizosalia, zaidi ya 400, ili asije akashawishika kuzirudia. Ushujaa huo haupingiki. Lakini baadaye picha yake ya mashua ikiondoka kisiwa cha Elephant mwezi Aprili 1916, watu wakiipungia mikono, ilibadilishwa na kuonyeshwa kama picha ya siku ya kuokolewa. Hurley aliamini kwamba mtazamaji anahitaji kilele cha hadithi. Wilson aliamini kwamba mtazamaji anahitaji kilichoonekana. Wanaharakati wenzangu wanaopigania mazingira hukutana na uchaguzi huu kila wanaposambaza picha mtandaoni.

Theluji ya kwetu

Tusidhani kwamba mabishano haya yalikuwa ya watu wa kaskazini tu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia aliueleza weupe ule kwa neno moja tu, baridi. Rebmann aliandika kwamba ilikuwa theluji. Huko London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani za Afrika ambaye hakupata kufika nchi alizozichora, alimdhihaki kwa miaka mingi, akisisitiza kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Ubishi ulimalizwa na safari za Carl Claus von der Decken za mwaka 1861 na 1862.

Wachaga hawakuwa na haja ya kusubiri Decken. Rebmann mwenyewe alisimuliwa habari za mangi wa Machame aliyekuwa amepeleka watu juu kuchunguza kile kitu cheupe, na walioteketea kwa baridi huko. Huo nao ulikuwa utafiti, wenye gharama kubwa ya maisha, ila haukuwa na mchapishaji.

Mwaka 1898 Hans Meyer alirudi Kilimanjaro pamoja na mchoraji Ernst Platz, na picha za Platz zikaingia katika kitabu chake cha mwaka 1900. Mwaka 1912 Fritz Klute aliupima mlima, na kutokana na kazi yake tunajua kwamba barafu ilifunika wakati huo kilometa za mraba zipatazo 12. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Michoro na vipimo vya wakoloni, vilivyofanywa kwa ajili ya kumiliki, leo ni ushahidi wa kile tulichopoteza. Historia haina adabu ya kutuletea ushahidi kutoka mikono misafi tu.

Lakini Kilimanjaro pia ni onyo. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake, waliotoboa barafu ya kilele mwaka 2000, walitabiri kwamba itakwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Picha za kilele zilisambaa duniani kote kama nembo ya dunia inayochemka. Miaka hiyo imepita, barafu imepungua sana, lakini haijakwisha. Aidha, wanasayansi wengine walieleza kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo inatokana na ukavu wa hewa na uchache wa theluji inayoanguka, jambo lililoanza mwishoni mwa karne ya 19, wala si joto la hewa ya kileleni peke yake. Sayansi hujisahihisha hivyo kila siku. Bango halijisahihishi, na wasioamini mabadiliko ya tabianchi hulitumia bango la jana kuikataa sayansi ya leo.

Barafu katikati ya mji

Desemba 2015, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Paris, msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing, mzaliwa wa Grinlandi, walipanga mapande 12 ya barafu ya Grinlandi katika uwanja wa Panthéon, kwa umbo la uso wa saa. Mapande hayo yalikuwa yamekwisha kumeguka na kuelea baharini. Watu waliyagusa, wakayawekea masikio kusikia hewa ya kale ikipasuka kutoka ndani, na yakayeyuka mbele yao. Mwaka 2018 walifanya vivyo hivyo London. Wakosoaji waliuliza kuhusu gesi iliyofukizwa kuisafirisha barafu hiyo, na wahusika waliichapisha hesabu yake. Naliheshimu tendo hilo la kuchapisha hesabu kuliko uzuri wa kazi yenyewe, ingawa sina ubishi na uzuri wake.

Hata hivyo kazi inayonigusa zaidi ni filamu ya mwaka 2010 ya Zacharias Kunuk, Mwinuit, na mtafiti Ian Mauro, ambamo wazee wa Aktiki wanaeleza kwa Kiinuktituti mabadiliko waliyoyaona. Wazee kadhaa, wa vijiji vilivyo mbalimbali, wanasema kwamba jua halichomozi tena mahali pake, na kwamba dunia imeinama. Msomi mwenye haraka angecheka. Maelezo yanayotolewa ni kwamba hewa ya Aktiki inapopata joto tabaka zake hubadilika, na mwanga wa jua hupindwa kwa namna mpya. Wazee waliona sawasawa, ingawa sababu waliyoitaja ilikuwa nyingine.

Hii ni fizikia ileile iliyomchezea Ross mwaka 1818. Ross aliona peke yake, mchana mmoja, akakataa shaka za wenzake. Wazee waliona wengi, kwa miaka mingi, kila mmoja mahali pake, wakalinganisha. Penye wengi hapaharibiki neno. Jambo lililowatofautisha halikuwa rangi ya ngozi wala shahada, lilikuwa utaratibu wa kuona.

Tufanye nini na historia hii

Nchi yetu iliwahi kujua namna ya kupeleka elimu ya kitaalamu kwa umma. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya redio, na watu wakachimba vyoo. Tuna tenzi, ngonjera, vikatuni, michezo ya redio, nyimbo. Kipimo cha kina cha bahari duniani kilipanda kwa takriban sentimeta 20 kati ya mwaka 1901 na 2018. Namba hiyo imelala katika ripoti za Kiingereza, wakati mkulima wa Rufiji anayeona chumvi ikiingia shambani, au mvuvi ambaye mikoko yake inarudi nyuma, hana ripoti ila ana macho.

Kwa mwanafunzi nasema: jifunze kuchora unachopima. Mkono unaochora hulazimisha jicho kutazama mara ya pili. Kwa mwanaharakati: kabla hujaisambaza picha, uliza ni ya siku gani na inaonyesha nini hasa, maana picha moja ya uongo hula mtaji wa picha mia za kweli. Kwa mtumishi wa umma: unapoletewa taarifa ya mvuvi, usimfanyie yale Dickens aliyowafanyia Wainuit. Iandike, ipime, ilinganishe na ya jirani yake, na jina lake liwekwe chini ya ushahidi wake. Na taarifa nzuri yenye picha za rangi inapotua mezani kwako, mtume mtu asogee karibu akaone kama ile milima ipo.